Betri Haisemi, Ipime

Mazungumzo ya leo ni ya betri, na hasa ya namba moja ambayo wenye betri wengi hawaijui: volti zilizomo ndani yake saa hii.

Betri zimetuzunguka hapa Mombasa kuliko tunavyodhani. Mwenye kibanda cha M-Pesa ana moja chini ya meza, ya kuwashia taa stima ikipotea. Kinyozi anayo, asije akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Msikiti unayo ya vipaza sauti, adhana isikatike, na kanisa la jirani linayo vilevile. Dereva wa tuktuk anayo, na mvuvi anayetoka usiku na taa za LED badala ya karabai anayo ndani ya ngalawa. Na nyumba nyingi zilizojengwa mbali na nguzo za umeme, huko ndani kabisa Shika Adabu au upande wa Mwakirunge, zina paneli juu ya bati na betri chumbani.

Sasa mwulize yeyote kati ya hao betri yake imebaki kiasi gani. Atakwambia, "Bado iko sawa, taa haijafifia." Hiyo ndiyo mita yetu: taa. Tukiona imefifia tunasema betri inakwisha, ikizima tunasema imekwisha, na baada ya miezi michache tunasema imekufa. Kisha tunatafuta maelfu ya shilingi ya kununua nyingine, na hiyo mpya nayo tunaipeleka njia ileile.

Kwa nini taa ni mita mbaya? Sikiliza hesabu hii. Betri ya risasi na asidi, ile ya kawaida tunayoiita ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kazi, hupima karibu volti 12.7. Ikifika nusu hupima kama 12.2. Ikifika 11.9 au chini yake, ujue imekwisha, hata kama taa bado inang'aa. Baina ya kushiba na njaa hapana hata volti moja nzima. Jicho la binadamu haliwezi kuona tofauti hiyo kwenye taa, na taa nyingi za kisasa za LED zina kifaa ndani yake kinachoshikilia mwanga uleule mpaka dakika ya mwisho. Taa inakudanganya kwa nia njema.

Na betri ya aina hii ikiachwa imekwisha, hata kwa siku chache tu, chumvi ya salfeti hujenga ganda gumu juu ya sahani za risasi zilizomo ndani. Ganda hilo likishakomaa, kuchaji hakuliondoi. Ndipo unaposikia mtu akisema, "Nimeichaji siku nzima juani lakini haishiki." Haishiki kwa sababu sehemu kubwa ya sahani zake haifanyi kazi tena. Kwa hiyo betri nyingi tunazozika hazikufa kwa uzee. Zilinyonywa mpaka tone la mwisho, usiku baada ya usiku, na hakuna aliyekuwa anahesabu.

Msikilizaji, kuhesabu kwenyewe si ghali. Vifaa vya kupimia, ukiondoa kichipu chenyewe, ni resista mbili, na kwa fundi wa redio yeyote pale Kongowea bei yake haizidi chai na mahamri. Kichipu nacho, hiki kinachoitwa maikrokontrola, siku hizi kinapatikana madukani na vijana wengi wa vyuo wanacho. Maikrokontrola ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, unayoiandikia programu moja ikafanya kazi hiyo moja mchana na usiku. Ubao maarufu wa Arduino ulizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Kichipu cha ESP32, chenye Wi-Fi ndani yake, kilitoka mwaka 2016 katika kampuni ya Espressif ya Shanghai. Vyote viwili vina pini maalumu zinazosoma volteji na kuigeuza kuwa namba.

Hapa ndipo penye kikwazo. Arduino ya kawaida, aina ya Uno, inafanya kazi kwa volti 5. Pini yake isipewe zaidi ya hapo. Kitabu cha watengenezaji kinaruhusu nusu volti tu ya ziada, basi. ESP32 ni dhaifu zaidi, mwisho wake ni volti 3.3. Na wewe unataka ipime betri inayofika volti 14.4 wakati wa kuchajiwa. Ukichomeka waya wa betri moja kwa moja kwenye pini, kichipu kinaungua papo hapo, pengine bila hata moshi wa kukuaga.

Dawa yake imejulikana tangu zamani. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kitabu kilichoeleza uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani, na sheria yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Chukua resista mbili uziunge mkia kwa kichwa. Mwisho wa juu uende chanya ya betri, mwisho wa chini uende hasi. Mkondo unaopita ni mmoja kwa zote mbili, kwa hiyo kila resista hubeba sehemu ya volteji kulingana na ukubwa wake: yenye ukinzani mkubwa hubeba nyingi, yenye ukinzani mdogo hubeba kidogo. Pale zinapokutana katikati unatoa waya, na waya huo ndio unaokwenda kwenye pini. Mpangilio huu wote unaitwa kigawa volteji. Mpishi wa harusi haingizi ulimi kwenye sufuria inayochemka. Huchota kwa kijiko, akaonja, akajua chumvi ya sufuria nzima. Resista ya chini ndiyo kijiko chetu.

Kama una kalamu karibu, tufanye hesabu pamoja. Resista ya juu iwe omu 30,000, ya chini iwe omu 7,500. Zijumlishe: 37,500. Gawanya kwa ile ya chini, 7,500, unapata 5. Maana yake pini itaona sehemu moja ya tano ya volteji ya betri. Betri ikiwa na volti 12.6, pini inaona 2.52. Ikipanda mpaka 14.4 wakati wa kuchaji, pini inaona 2.88. Salama kabisa. Vile vibao vidogo vya kupimia volteji vinavyouzwa tayari, vyenye maandishi ya volti 25, vingi vina resista hizihizi mbili na hakuna uchawi mwingine ndani yake.

Arduino Uno huigawa volti 5 katika hatua 1,024, kuanzia 0 mpaka 1,023. Kwa hiyo volti 2.52 itasomeka kama 516. Programu yako inachukua 516, inazidisha kwa 5, inagawanya kwa 1,024, kisha inazidisha tena kwa ile 5 ya kigawa, na kioo ulichokiunga kinaandika 12.6. Hesabu ya darasa la saba, lakini imekupa kitu ambacho taa haikuweza kukupa hata siku moja.

Nasikia fundi mmoja huko akisema, "Hayo tu? Basi nafunga kesho." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Kigawa volteji ni rahisi kukiunga na ni rahisi kukikosea, na makosa yake hayaonekani siku ya kwanza. Nitayataja manne, moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza ni kupigia hesabu siku ya kawaida. Betri yako ni ya volti 12, kwa hiyo unachagua resista za volti 12. Lakini nyumba ya sola ina paneli, na paneli hiyohiyo inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila mzigo, hufika volti 21 au 22. Siku chaji kontrola, kifaa kinachosimamia kuchaji, itakapoharibika, au waya wa betri utakapochomoka mchana, volti 22 hizo zitakuja moja kwa moja kwenye kigawa chako. Kwa ile ya sehemu moja ya tano, pini itaona volti 4.4. Arduino itavumilia. ESP32, yenye mwisho wa 3.3, haitavumilia. Mtu aliyehamisha kibao kilekile kutoka kwa Arduino kwenda kwa ESP32, akakiona kinafanya kazi vizuri mwezi mzima, atashangaa mchana mmoja kichipu kimekufa na hakuna aliyekigusa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: tafuta volteji kubwa kabisa inayoweza kufika hapo hata kwa ajali, hiyo ndiyo uifanyie hesabu. Kwa ESP32 badilisha resista ya chini iwe omu 3,300 badala ya 7,500. Kigawa kinakuwa sehemu moja ya kumi, volti 22 zinakuwa 2.2, na kichipu kinalala salama. Tena ESP32 husoma vibaya inapokaribia mwisho wake wa juu, kwa hiyo kubaki chini ya volti mbili na nusu ni faida maradufu.

Kanuni hiyo inazidi kuwa muhimu kwa jambo jipya lililoingia mjini. Mwezi Septemba mwaka 2023 Rais William Ruto alizindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme, na tangu hapo tumezoea kuona bodaboda zikipita bila mlio. Pikipiki nyingi za namna hiyo zina betri ya lithiamu inayoitwa ya volti 72. Lakini 72 ni jina tu la katikati. Betri yenye seli 20 mfululizo, kila seli ikijaa kwa volti 4.2, inafika volti 84. Ukitumia omu 100,000 juu na 4,700 chini, volti 84 zinakuwa kama 3.8 kwenye pini ya Arduino, na bado una nafasi mpaka zaidi ya volti 100. Aliyepigia hesabu 72 akabana sana, atapata namba nzuri mchana kutwa, kisha asubuhi, betri ikiwa imetoka kuchajiwa usiku kucha, kichipu kinaona zaidi ya uwezo wake. Na kumbuka volti 84 za betri kubwa si mchezo. Vidole vyenye jasho vitazihisi, na spana ikiangukia baina ya chanya na hasi itayeyuka. Weka fyuzi karibu na betri, kabla ya waya wako mwembamba wa kupimia kuanza safari.

Kosa la pili ni kuamini rangi za resista. Ile mistari iliyochorwa juu yake inakuambia ukubwa, na mstari wa mwisho unakuambia uaminifu. Dhahabu maana yake ukubwa halisi unaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Hudhurungi maana yake asilimia 1. Unaweza kusema asilimia 5 ni kitu gani? Hebu tazama. Kama ya juu imezidi kwa 5 na ya chini imepungua kwa 5, kigawa chako si tena cha sehemu moja ya 5 bali cha moja ya 5.4. Kwenye betri ya volti 12 hilo ni kosa la kama volti moja nzima. Na tulisema baina ya betri iliyojaa na iliyokwisha hapana volti moja! Umefunga mita inayoweza kukwambia betri iliyojaa imekwisha, au, balaa zaidi, iliyokwisha imejaa.

Basi nunua za mstari wa hudhurungi, kisha usiziamini hata hizo. Azima mita nzuri ya fundi, pima betri nayo, linganisha na namba ya kichipu, halafu rekebisha ndani ya programu. Kama mita inasema 12.48 na kichipu kinasema 12.70, gawanya ya kwanza kwa ya pili, na hicho unachokipata ndicho cha kuzidishia daima. Ni kazi ya dakika tano. Angalia pia ile volti 5 ambayo Arduino inaitumia kujipimia. Ukiiwasha kwa chaja ya simu ya bei rahisi inaweza kuwa 4.8 au 5.2, na namba zako zote zitayumba pamoja nayo. Kichipu cha Uno kina kipimo chake cha ndani cha karibu volti 1.1 kisichotegemea chaja. Anayetaka namba thabiti atumie hicho, na apunguze resista ya chini ili pini isizidi hapo.

Kosa la tatu ni la kwetu hasa, watu wa pwani. Mtu anasoma kwamba kigawa volteji hunyonya betri kidogo kidogo mchana na usiku, anaogopa, anachukua resista kubwa kupita kiasi, za mamilioni ya omu. Hofu hiyo haina msingi. Omu 37,500 kwenye volti 12 hupitisha mkondo wa theluthi moja ya miliampia. Kwa mwezi mzima haifiki hata robo ya ampia-saa, na betri ya gari au ya sola ina makumi ya ampia-saa. Ukiweka resista za mamilioni umejitafutia maradhi mawili. La kwanza, pini ya kichipu inahitaji mkondo kidogo ili isome haraka. Watengenezaji wa kichipu cha Uno wanapendekeza ukinzani wa chanzo usizidi kama omu 10,000. Zile zetu mbili, zikitazamwa kutoka upande wa pini, ni omu 6,000 tu. Ukilazimika kutumia kubwa, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 baina ya pini na hasi, kichipu kichote humo.

La pili ni upepo wetu wa bahari. Anayekaa Timbwani au Bamburi anajua chumvi inavyokula bawaba, misumari na nyuzi za antena. Chumvi hiyohiyo hutanda juu ya ubao wa umeme, na usiku unyevu ukiingia, hugeuka njia ya mkondo. Ubao mchafu wa pwani unaweza kuwa na njia ya siri ya omu milioni kadhaa baina ya nyuzi mbili. Kwa resista ya omu 7,500 njia hiyo si kitu. Kwa resista ya omu milioni moja, imeshakuwa mshirika katika hesabu yako, na utaona namba inashuka alfajiri na kupanda saa sita mchana jua likikausha, ukadhani ni betri. Tumia resista za maelfu, osha ubao kwa spiriti baada ya kulehemu, upake vanishi. Hata rangi ya kucha ya kina dada, ile isiyo na rangi, inasaidia.

Kosa la nne ni kutofikiria kiungo kikivunjika. Resista ya chini ndiyo inayokinga pini. Risasi yake ya kulehemu ikiachia kule upande wa hasi, na mtikisiko wa tuktuk kwenye barabara zetu mnaujua, pini haina tena mgao. Imebaki inaitazama betri kupitia resista ya juu peke yake. Kwa bahati, resista hiyo ya juu hupunguza mkondo, na pengine kichipu kitapona kwa muda. Lakini namba itapanda mpaka 1,023 na kukwama hapo. Programu iliyoandikwa kwa haraka itasema betri imejaa pomoni. Dereva atafurahi, kumbe kilichoachia ni waya. Ikiachia ya juu, namba itakuwa 0 na programu itasema betri imekufa. Kwa hiyo iandike programu yako isiziamini namba hizo mbili. Ikiona 1,023 au 0 iandike "angalia waya", isizitafsiri kuwa volti. Mstari huo mmoja wa programu ni bora kuliko vipimo vingi vya desimali.

Sasa kuna swali ambalo lazima litaulizwa: je, naweza kupima na stima ya ukutani? Kwa njia hii, hapana. Nasema hapana kwa herufi kubwa. Stima yetu ni volti 240, na hiyo si kilele. Kilele chake hufika karibu volti 340, mara 100 kwa sekunde, juu na chini. Resista ndogo ya robo wati haikutengenezwa kubeba hivyo, itaungua. Lakini hata ukiweka kubwa, shida yenyewe ni ule waya wa hasi. Kigawa volteji kinataka hasi ya unachokipima iungane na hasi ya kichipu. Nyumbani ukutani kuna waya wa moto na waya baridi, na katika nyumba za kupanga zilizofungwa na mafundi watatu kwa nyakati tatu, mara ngapi umekuta wamebadilishana? Siku hiyo waya unaoudhani baridi ndio wa moto, kichipu chote kimekuwa moto, na kompyuta uliyoiunga kwa kebo ya kuandikia programu imekuwa moto, na wewe mkono wako uko juu yake.

Anayetaka kupima stima ya ukutani atumie transfoma ndogo, iliyofungwa vizuri ndani ya boksi, ya kutoa volti 9. Transfoma inatenganisha pande mbili. Hakuna waya unaopita kutoka ukutani kuja kwenye kichipu. Zile volti 9 ndizo unazozigawa kwa resista, ukiongeza saketi ndogo ya kuziinua maana kichipu hakisomi volti za chini ya sifuri. Hata kampuni za umeme zinafanya vivyo hivyo kwa njia yao. Kwenye nyaya za volti 132,000 hakuna mtu anayepeleka mita juu. Mara nyingi hufungwa kapasita kubwa mfululizo ndani ya nguzo za kauri, zikaigawa volteji, na sehemu ndogo ya chini kupitia transfoma ndiyo inayofika kwenye mita. Ni wazo letu lilelile la resista mbili, limevaa koti kubwa.

Na sisi wa Mombasa tuna historia na mambo haya. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni ya umeme yenyewe, jenereta iliyoleta umeme hapa ilikuwa ya Sultani Barghash wa Unguja, aliyeipata mwaka 1875 kuwashia taa jumba lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua ikaletwa Mombasa, na ndipo ikaanza kampuni ya kwanza ya umeme mjini. Leo Changamwe ina Kipevu, mtambo wa tatu wa pale ukiwa wa megawati 120, uliokamilika mwaka 2011. Miaka yote hiyo mita imekuwa ya kampuni na namba imekuwa ya kampuni. Sisi tunaletewa bili au tunaandika tokeni. Hata sola za kulipia kidogo kidogo, ambazo M-KOPA ilianza kuziuza Kenya mwaka 2012, zina kichipu na laini ya simu ndani yake, na ofisi inajua habari za mtambo uliomo chumbani mwako. Mwenye betri naye ana haki ya kujua.

Tena namba ikishapatikana, kazi haijaisha. Mwambie kichipu kikiona volti 11.9 kwa dakika kadhaa mfululizo, kikate mzigo mkubwa kwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kibakishe taa moja. Nasema dakika kadhaa kwa sababu ukiwasha inveta au amplifaya volteji huzama kwa muda kisha hurudi, na usingetaka nyumba izimike kwa kuzama huko. Chukua vipimo 20 au 30, utafute wastani, ndipo uamue. Na wenye betri mpya za lithiamu za chuma na fosfeti wajue kwamba volteji ya betri hizo hukaa karibu palepale, kama 13.2, kwa sehemu kubwa ya safari, kisha huporomoka ghafla. Kwao kigawa volteji kitawaonya karibu na mwisho tu. Anayetaka kujua nusu au robo itabidi ahesabu na mkondo unaoingia na kutoka.

Nina neno kwa vijana wa vyuo vya ufundi. Kila mwaka naona miradi ya kuhitimu: milango inayofunguka yenyewe, roboti zinazofuata mstari mweusi. Ni kazi nzuri, lakini hakuna mtu wa Mikindani aliyeamka akitafuta roboti ya kufuata mstari. Mtu huyohuyo amenunua betri mbili katika muda ambao moja ingetosha. Mtengenezee kisanduku chenye kioo kidogo na relei, ukifunge, umweleze. Utamsikia mzee akisema, "Mwanangu, sasa mbona inaandika 12.1 na taa inawaka vizuri?" Mjibu kwa adabu: "Ami, zima televisheni kwa usiku wa leo, kesho jua litairudisha." Akifuata namba hiyo mwaka mmoja, atawatuma jirani zake kwako bila wewe kutangaza.

Na unapokifunga, usiondoke kabla hujachukua kalamu ya wino usiofutika na kuandika ndani ya kifuniko mambo matatu: resista ya juu ni ngapi, ya chini ni ngapi, na volti za juu kabisa kinazoweza kupokea. Fundi atakayekuja baada yako, huenda akaja na betri kubwa zaidi au kichipu kingine. Akikuta maandishi hayo hatakisia, na kisanduku chako kitaendelea kufanya kazi mikononi mwa mtu usiyemjua.

Mnaofunga, fungeni salama. Mnaonunua, mwulizeni fundi namba kabla ya kumlipa.